Otoh Namba Mbili

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta pale konstebo alipotokea mbio kwenye jukwaa la stesheni, kofia mkononi, akigonga madirisha ya mabehewa moja baada ya jingine kama mtu anayeamsha nyumba iliyoshika moto. Dirisha alilolitaka lilikuwa la mwisho. Ndani yake alikaa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na juu ya magoti amelaza kitu kirefu kilichoviringishwa shuka la kitanda.

"Afande! Mkuu anasema ushuke na hicho kitu!"

"Kitu gani?"

"Hicho... hicho kilichofungwa shuka!"

"Mwambie Mkuu nimebeba mwavuli."

"Afande, amesema kielelezo hakitoki kituoni!"

"Kimetoka kwa saini yangu, na mpelelezi wa kesi ni mimi. Mwambie hivyo hivyo. Na wewe punguza mbio, jukwaa linaisha."

Kweli jukwaa likaisha. Konstebo akabaki ukingoni ameshika kiuno, akiwa mdogo, halafu mdogo zaidi, mpaka kona ikammeza. Abiria aliyekaa mkabala na yule mama akalitazama shuka, akautazama urefu wake, akakumbuka kwamba ana rafiki behewa la mbele.

Kituoni yule mama walimwita Msumari. Akishaingia kwenye jambo, walisema, hatoki mpaka mtu alete koleo. Safari hii Mkuu wa Kituo alikuwa ameshaleta koleo, na Msumari alikuwa ameondoka na ubao.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Kokoto, mwenye machimbo ya mawe, alipigwa risasi moja asubuhi, barazani kwake, akinyoa ndevu. Risasi ilipita mwilini ikaenda kupotea kwenye malundo ya kifusi, na ganda lake halikuonekana. Ndani, kabati la bunduki lilikuwa wazi, na bunduki ya kuwindia waliyoachiwa na babu yao haikuwemo. Mdogo wake marehemu, ambaye watu walimwita Bwana Mdogo ingawa kichwa kilishajaa mvi, ndiye aliyewaelekeza polisi kwa jirani: mwanamke mrina asali, maarufu kama Mama Nyuki, ambaye kiwanja chake kilikaa kati ya machimbo na barabara kama mfupa kooni. Kokoto alikitaka kiwanja hicho. Alikataliwa. Walitukanana mbele ya watu, na mwanamke akasema kwa sauti iliyofika mpaka sokoni, "Utatoka wewe hapa kabla yangu!"

Walipopekua nyumba yake, darini wakakuta bunduki kuukuu. Bwana Mdogo akaitupia jicho na kusema ndiyo hiyo. Kesi ikafungwa kama kifurushi.

Mama Nyuki alisema bunduki ni ya baba yake, na baba yake aliitengeneza mwenyewe. Mkuu wa Kituo akamuuliza kama baba huyo alitengeneza na ndege. Chumba kizima kikacheka. Tangu hapo Mama Nyuki hakufungua kinywa, si kwa Mkuu, si kwa mwanasheria aliyepewa.

Kulikuwa na alama. Chini ya mtutu, pale chuma kinapolala kwenye mbao, herufi zilikuwa zimegongwa, na mkaguzi wa silaha wa makao makuu alizisoma na kuandika: *Otoh, namba mbili. Mtengenezaji wa ng'ambo, bado hajatambuliwa.* Bwana Mdogo aliposomewa maneno hayo alijipiga paja. "Hiyo hiyo! Babu alikuwa haachi kuisema. Otoh yangu, Otoh yangu." Ikaingia kwenye maelezo yake, akaweka saini.

Msumari aliwauliza wauza silaha wote aliowajua. Aliwauliza watu wa wanyamapori. Hakuna aliyewahi kumsikia Otoh. Alipomfuata Mkuu, Mkuu hakuinua macho kwenye chai yake.

"Mwenyewe ameitambua mali yake. Unamtafuta Otoh wa nini, unataka kumposa?"

"Aliyetengeneza namba mbili lazima alitengeneza namba moja, Mkuu. Iko wapi?"

"Ijumaa gari la magereza linamchukua yule mama. Kosa la kuua halina dhamana. Mambo ya namba moja kamuulize Otoh ukifika peponi."

Na gari hilo Msumari alilijua. Mtu akishapanda, jalada lake hulala usingizi mzito, na mwenye jalada huzeeka akilisubiri liamke. Ndiyo maana alikuwa ndani ya treni.

*

Mzee Darubini alikuwa mkaguzi mkuu wa silaha za uwindaji kabla ya kustaafu, na alistaafu kwa kugombana. Aliishi nyuma ya nyumba ya binti yake, mshona nguo, na mlio wa cherehani kutoka chumba cha mbele ulimfuata kutwa nzima kama mke mwenye maneno.

"Nani kakwambia niko hai?" aliuliza, mlango ukiwa nusu.

"Wote uliogombana nao, mzee wangu. Bado wanalalamika."

Mlango ukafunguka wote.

Juu ya meza alitandika blanketi, akasogeza taa, akabandika lenzi yake jichoni. "Ilaze hapa. Usiilaze kama mtoto mchanga, hiki ni chuma." Aliizungusha bunduki bila haraka, akainusa, akachungulia ndani ya mtutu, akapitisha ukucha kwenye kitako. Msumari alimwacha. Alishajua kwamba wazee wa aina hii ukiwaharakisha wanaanza upya.

"Taarifa ya makao makuu nimeisoma," alisema mwishowe. "Huyo aliyeiandika nilimfundisha mimi. Anaandika kama anasoma hotuba msibani. Sasa sikiliza. Mtutu na hili komeo la kusukumia risasi, hawa si ndugu. Mtutu ni wa bunduki ya vita, ya zamani. Umekatwa, mdomo ukanyooshwa, halafu ukasuguliwa kwa tupa. Mistari hii unaiona? Tupa ya mkono. Komeo limetoka kwenye bunduki nyingine, ya nchi nyingine kabisa. Wameozeshwa."

"Na ndoa imedumu."

"Imedumu kuliko yangu."

"Nimesikia, baba!" Sauti ilitoka chumba cha mbele, na cherehani haikusimama.

Mzee akashusha sauti. "Kitako kimechongwa na mtu aliyekuwa na muda. Kazi nzuri, lakini si ya kiwandani. Kule ng'ambo, vita vilipokwisha, kulikuwa na vikarakana vingi vya chumba kimoja, baba na wanawe. Walinunua bunduki za jeshi kwa fungu wakazigeuza za kuwindia. Otoh wako anaweza kuwa mmojawapo."

"Basi Bwana Mdogo anasema kweli. Babu yake alinunua huko."

"Mimi sijasema nani anasema kweli. Ninasema chuma."

Msumari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ifungue. Nataka kuiona alama yote."

Kitako kilishikwa na skrubu kubwa kwa chini. Mzee akachagua bisibisi, akaituliza kwenye mfereji wa skrubu, akakaza mkono kufungua. Skrubu haikusogea. Akaongeza nguvu mpaka mishipa ya shingo ikajichora. Haikusogea.

"Kutu," alisema, akitweta.

"Kutu iko wapi?"

"Ndani."

"Mzee wangu, nje hakuna hata doa. Na hapa pembeni pana mafuta. Ya zamani, lakini yapo. Aliyeipaka mafuta aliacha ndani ioze?" Msumari aliinama, pua karibu iguse chuma. "Tazama mdomo wa huu mfereji. Umechanika upande huu tu. Kuna mwingine alihangaika hivi hivi kabla yako, akitumia nguvu kuelekea huko huko."

"Makao makuu," alisema Mzee Darubini, na uso ukamchangamka. "Yule bwana hotuba. Kumbe hakuifungua! Ameandika taarifa ya bunduki ambayo hakuifungua!"

"Geuza upande wa pili."

"Upande wa pili ni kukaza, binti."

"Basi ikaze."

Mzee alimtazama kama anayetazama mgeni aliyeomba chumvi kwenye chai. Akageuza. Skrubu ikatoka kwa ulaini, kama kizibo cha chupa ya mafuta ya nywele.

Cherehani ilisimama. Pengine binti alisikia ukimya.

"Nyuzi za kushoto," alisema mzee, akiipeleka skrubu kwenye taa. "Pedali ya kushoto ya baiskeli iko hivi. Feni nyingine ziko hivi. Bunduki? Nimeshika bunduki tangu sijaota ndevu, sijaona." Akafungua skrubu ndogo za kifyatulio. Nazo zote zilikuwa hivyo hivyo, kinyume. "Na hizi hazikununuliwa. Zimekatwa moja moja. Kwa nini mtu ajitese hivi?"

Msumari alichukua bisibisi kwa mkono wa kulia, akajifanya anakaza kitu hewani. Kisha akaihamisha mkono wa kushoto, akajaribu tena. Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

"Mkono wa kulia una nguvu ukizungusha huku," alisema. "Wa kushoto una nguvu ukizungusha huku. Hakujitesa. Alikata nyuzi zifuate mkono wake."

"Hmm," alisema mzee, na kwa Mzee Darubini hiyo ilikuwa makofi.

Walipoutoa mtutu kwenye mbao, alama ilionekana yote, imezama vizuri: O, T, O, H, na mwisho ile mbili, shingo imepinda kidogo. Msumari aliomba karatasi nyembamba. Binti alileta ile ya kuchorea mishono, inayokaribia kuonyesha upande wa pili. Wakaifunika alama, wakaisugua kwa penseli mpaka herufi zikajitokeza nyeupe ndani ya weusi.

"Mwanga," alidai mzee. Msumari akaenda dirishani, akavuta pazia na kulishika. Mzee akasimama mbele yake, akainua karatasi juu kwa mikono miwili, akaanza kuzisoma herufi kwa sauti ya mwalimu. Aliisoma ile O. Aliisoma ile T. Msumari, kutoka dirishani, alikuwa akitazama mgongo wa karatasi.

"Mzee, usishushe mikono."

"Mabega yanauma."

"Vumilia. Unasoma nini hapo?"

"Si ninakwambia? Otoh, mbili."

"Mimi huku sisomi hivyo."

Binti alisogea, pini zikiwa zimebanwa mdomoni, akasimama ubavuni kwa Msumari na kutazama juu. Akazitoa pini.

"Shoto," alisoma. "Nani huyo Shoto?"

Mzee Darubini aliigeuza karatasi. Akaigeuza tena. Akakaa kwenye kiti, na kwa muda mabega tu ndiyo yalitikisika. Alikuwa akicheka.

"Amechonga muhuri unaosomeka!" alisema alipopata pumzi. "Muhuri wa chuma unachongwa kinyume, ili ukigonga utoke sawasawa. Huyu alichonga sawasawa, kama anaandika ubaoni. Akagonga, jina likatoka limegeuka. O ukiigeuza ni O. T ni T. H ni H. Ni S peke yake iliyomsaliti, na S iliyogeuka ni mbili! Si bwana hotuba tu. Na mimi nimesoma mbili, na lenzi jichoni!"

"Hakuna Otoh," alisema Msumari.

"Hajawahi kuwepo. Kuna fundi mmoja, mwenye shoto, aliyeokota chuma cha vita akajitengenezea bunduki. Na hakuwa ng'ambo, labda kama ng'ambo siku hizi wanasema Kiswahili." Aliacha kucheka. "Lakini sikiliza, binti. Wenye shoto wamejaa duniani. Usiende kumwambia yule mama jina, halafu akaitikia. Litoke kwake mwenyewe."

"Unanifundisha kazi?"

"Ninakukumbusha. Bunduki unairudisha na shuka hilo hilo?"

*

Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Konstebo wa jana alikuwa nyuma yake, akitazama viatu.

"Mwavuli wangu uko wapi?" aliuliza Mkuu.

"Huu hapa. Hauna tundu."

"Umenidhalilisha. Bwana Mdogo amefika kuweka saini ya mwisho, anaomba kuiona mali ya babu yake, mimi namwambia imepanda treni! Nipe. Na kesho uandike maelezo."

"Nitaandika leo. Lakini kwanza nipe chumba cha mahojiano, bisibisi moja, na wewe mwenyewe ukae ndani. Ukisikia upuuzi, nyota hizi nitazivua hapo hapo mezani, usihangaike kuniandikia barua."

Mkuu alizitazama nyota mabegani kwake. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mpumbavu, na alikuwa hajawahi kuona Msumari akiweka nyota zake rehani.

"Anza," alisema.

Walianza na Mama Nyuki. Aliletwa na pingu mkononi, kanga ya kichwani imefungwa kwa nguvu, akakaa bila kuombwa. Alikuwa mwembamba, mwenye makovu madogo madogo ya miiba ya nyuki mpaka kwenye kope.

"Baba yako alifanya kazi gani?" aliuliza Msumari.

Mwanamke alitazama dari.

"Mama Nyuki, nimekaa kwenye treni kwenda na kurudi kwa ajili ya swali hili."

"Sikukutuma, dada."

"Hukunituma. Nimejituma. Alifanya kazi gani?"

Mwanamke alimgeukia Mkuu. "Huyu ndiye aliyetaka kujua kama baba alitengeneza na ndege. Muulize yeye, anamjua baba yangu kuliko mimi."

Mkuu alikohoa. Msumari alingoja. Alikuwa hodari sana wa kungoja.

"Karakana ya pampu za maji," alisema Mama Nyuki mwishowe. "Mpaka akafa. Vyuma vya vita vilikuwa vinaletwa pale kwa magunia, viyeyushwe. Alivichagua. Kazi ikiisha anabaki. Mama alidhani ana mwanamke."

"Karakanani walimwitaje?"

"Walimwita kwa tabu. Hakuwa anaitika."

"Jina gani?"

"Jina la kijinga. Nilikuwa mtoto, nikisikia mtu analitamka nachukua jiwe." Alinyanyua kidevu. "Shoto. Kwa sababu alitumia mkono huu. Mwalimu alimfunga kamba mkono huu ili aandike na ule mwingine, akakataa, akaacha shule. Umefurahi? Tucheke tena?"

Hakuna aliyecheka. Mkuu alitazama karatasi ya penseli iliyokuwa mbele yake juu ya meza, akaigeuza, akaishika kuelekea dirishani, akairudisha chini taratibu.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Nilisema. Nilisema baba ameitengeneza. Hukuuliza baba ni nani, uliuliza ndege."

"Huna leseni ya bunduki," alisema Msumari.

"Sina. Nguruwe pori nao hawana leseni ya kula mahindi yangu. Hilo niandikie, nitasimama nalo. Lile jingine sisimami nalo hata mkinining'iniza."

*

Bwana Mdogo aliingia na harufu nzuri ya sabuni. Alimpa mkono Mkuu, akampa mkono Msumari, akaiona bunduki juu ya meza, imeshaunganishwa tena, akaiwekea mkono kama anayemshika mbwa wake kichwani.

"Imenisumbua hii," alisema. "Basi, niweke wapi saini?"

"Kidogo tu, kaka," alisema Msumari. "Nataka maelezo yakae vizuri, mawakili wasitusumbue. Bunduki ni hii?"

"Hii."

"Hakuna shaka? Zipo zinazofanana."

"Mama Inspekta, mtu hasahau kitu alichokua nacho. Hii ni Otoh ya babu."

"Aliiita hivyo?"

"Kila Jumapili. Leteni Otoh yangu niisafishe."

"Nani alikuwa akiisafisha?"

"Mwanzo yeye, baadaye mimi. Kaka yangu hakuwa na subira. Mimi ndiye niliyekuwa naifungua yote, naipaka mafuta, naifunga. Miaka na miaka."

"Yote, mpaka mtutu?"

"Mpaka skrubu ya mwisho."

Msumari aliyaandika maneno hayo, akamsomea, akamwuliza kama yako sawa. Yalikuwa sawa. Aliweka saini. Kisha Msumari akasukuma bisibisi upande wake wa meza.

"Tuonyeshe."

"Nini?"

"Namna unavyoifungua. Mkuu hajawahi kuona."

Bwana Mdogo alicheka, akakunja mikono ya shati. Akaweka bisibisi kwenye skrubu kubwa, akageuza. Akageuza tena. Akaegemea kwa kifua. Bisibisi ikaruka ikakwaruza mbao.

"Imeshika kutu," alisema. "Tangu iwe kwa yule mwanamke. Watu wa namna ile hawajui kutunza."

"Jaribu nyingine."

Alijaribu ile ndogo. Alijaribu ile ya nyuma. Jasho lilimtoka kwenye ndevu.

"Zote kutu," alisema Msumari.

"Zote."

"Konstebo, mlete yule mama."

Mama Nyuki alipoelezwa anachotakiwa, alisimama pale pale mlangoni na kukataa. "Nikiifungua mtasema najua bunduki. Nisipoifungua mtasema niliiba. Fungueni wenyewe, nyinyi ndio serikali."

"Fungua," alisema Mkuu wa Kituo. Halafu, kwa sauti ambayo konstebo hakuwahi kuisikia kwake, "Tafadhali."

Alikaa. Pingu zililia juu ya meza. Hakuitazama skrubu. Alimtazama Bwana Mdogo usoni, akageuza bisibisi kinyume na watu wote waliozaliwa na mkono wa kulia, na skrubu ikapanda juu kama imeitwa. Ya pili. Ya tatu. Akautoa mtutu, akaulaza mbele ya Msumari, akafuta vidole kwenye sketi.

"Kutu iko wapi?" aliuliza.

"Amezoea... amekaa nayo," alisema Bwana Mdogo. "Ameibadilisha skrubu! Mnaona? Ameharibu ushahidi!"

"Labda," alisema Msumari. "Hilo tutalipima. Sasa nieleze hili jingine." Akaweka karatasi ya penseli mezani. "Soma."

"Otoh, mbili. Kama ilivyo kwenye taarifa."

"Sawa kabisa. Kama ilivyo kwenye taarifa." Aliinua karatasi, akaigeuza, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake. "Soma tena."

Bwana Mdogo alisogeza kiti nyuma. Kikagonga ukuta.

"Hakuna mtengenezaji anayeitwa Otoh," alisema Msumari. "Hajazaliwa. Hilo ni jina la fundi wa pampu za maji, limegongwa kinyume, na mkaguzi wa makao makuu akalisoma vibaya. Kabla ya siku ile alipoandika taarifa yake, hakuna kinywa chochote duniani kilichowahi kutamka Otoh. Sasa nieleze, kaka. Babu yako alilisikia wapi?"

Kwa nje, mtu alikuwa akiosha gari la kituo. Maji yalisikika yakipiga bati.

"Nimechanganya," alisema Bwana Mdogo. "Ni miaka mingi. Huenda siyo hii. Zinafanana."

"Ulisema hakuna shaka."

"Mtu anakosea!"

"Anakosea. Basi ya babu ni ipi?"

"Sijui."

"Iko wapi?"

"Nimesema sijui!"

"Haikuwemo kabatini asubuhi ile, na wewe ndiye uliyetuonyesha kabati. Tungeitafuta. Tungepekua machimbo yote, jiwe kwa jiwe. Hatukutafuta, kwa sababu ulituambia tumeshaipata. Kwa nini ulihitaji tuache kutafuta?"

Bwana Mdogo aliteremsha mikono ya shati, akafunga vifungo vyote, cha kulia, cha kushoto. "Nataka wakili wangu," alisema.

Mkuu alinyanyuka, akaenda mlangoni, akageuza ufunguo. "Atakuja," alisema. "Wewe kaa."

Mama Nyuki alinyoosha mikono yake mbele ya konstebo, pingu juu, akangoja. Konstebo alimtazama Mkuu. Mkuu alitikisa kichwa kukubali.

"Usinishukuru," Msumari alimwambia.

"Sikuwa na nia hiyo," alisema Mama Nyuki.

*

Maji ya shimo kubwa la machimbo yalivutwa kwa pampu. Bunduki ya babu ilipatikana kwenye tope, ya kiwandani, jina la mtengenezaji likisomeka vizuri, ganda moja tupu bado ndani ya chemba. Bwana Mdogo alikana mpaka siku ya hukumu. Alitaka machimbo yote yawe yake, na kaka yake alikuwa amekataa kugawana. Anatumikia kifungo cha maisha.

Machimbo yalifungwa. Warithi wengine hawajaelewana.

Mkaguzi wa makao makuu alipandishwa cheo. Mzee Darubini alimwandikia barua ya kurasa nyingi, haikujibiwa. Alifariki mwaka uliofuata, na binti yake aliuza lenzi.

Konstebo aliacha kazi akaenda kuendesha lori. Mkuu wa Kituo alistaafu kwa heshima. Msumari alipewa onyo la maandishi kwa kutoa kielelezo nje ya kituo bila idhini, akahamishiwa dawati la mali zilizopotea na kuokotwa. Yuko huko bado.

Mama Nyuki alifutiwa shitaka la kuua. Kwa kumiliki silaha bila leseni alipewa kifungo cha nje. Aliomba arudishiwe bunduki ya baba yake, akanyimwa. Aliomba tena, akanyimwa. Ameomba tena.